Nasari ya Ukunda na Haki Yangu

Picha ile niliiona nikimwandalia mume wangu chakula. Ilikuwa zamu yangu. Alinawa, akaketi mkekani, na kabla hajatia tonge kinywani akatoa simu akanionyesha. "Mtazame mwanao," aliniambia. Mwanangu! Aliyekuwa kwenye simu ile ni mwana wa mke mwenzangu, kasimama mbele ya lango la shule lililopakwa rangi ya machungwa, kavaa kaptura ya buluu, shati jeupe, soksi zimefika magotini, na tai. Mtoto hata meno ya utotoni hayajamng'oka, katiwa tai! Mkoba mgongoni umemzidi kimo, naye anacheka kwelikweli.

Nikasema, "Mashaallah." Kusema ni lazima, mtoto hana kosa. Lakini kifua chote kilikuwa kinawaka. Nikaenda jikoni kutafuta ndimu ambayo nilijua vyema haiko.

Mimi nina wivu, wala sifichi. Wako wanawake wanaoufunika wivu kwa leso, wakalegeza sauti, wakasema, "Ah, mimi sina neno na mtu." Mimi nina neno, na neno langu hulisema. Uke wenza ukikaa nao kimya utakuozea ndani kwa ndani.

Tulikaa miaka mingi, mimi na mume wangu, bila mtoto. Yeye ni fundi wa makuti. Mapaa mengi ya hoteli na ya nyumba za wageni kule Diani ameyaezeka kwa mikono yake, na siku hizo alikuwa akitoka hapa Msambweni alfajiri na kurudi jioni, mwili wote vumbi la makuti. Mavyaa wangu, yaani mamake mume wangu, ambaye naishi naye ua mmoja, hakunisema vibaya hata siku moja. Lakini alianza kuulizauliza habari za mabinti wa Kombani. Nikajua. Na kweli akaja binti wa Kombani: msusi, mdogo kwangu, ana saluni yake ndogo Ukunda nyuma ya soko, ana sauti ya chini ya mtu aliyelelewa akaleleka. Nilimtafutia kasoro siku ya kwanza na mpaka leo naitafuta.

Akapangiwa nyumba hukohuko Ukunda, karibu na kazi ya bwana. Haukupita mwaka akashika mimba. Na mimi, Mungu ana maajabu yake, nami nikashika! Watu wa mtaa walicheka wakasema wivu umenifungua kizazi. Na wacheke. Yeye akajifungua mwanamume, na kabla arubaini yake haijatimia, mimi nikajifungua binti. Hata hapo alinitangulia.

Sasa mume wangu alipotaka kuoa, aliapa mbele ya mamake na kakake kwamba atatenda haki baina yetu. Mwanamume asiyewafanyia wakeze haki atafufuliwa ubavu mmoja umelemaa, ndivyo tulivyofunzwa, naye ni mtu anayeogopa Mungu. Basi kiapo kile nilikishika nikamng'ang'ania nacho. Akinunua sukari ya kule, ataipima na ya hapa. Doti ya leso ikienda Ukunda, doti ya leso itakuja Msambweni, na rangi yangu isiwe imefifia. Mwenzangu akipata sufuria, nataka sufuria, hata kama zangu zimejaa rafu. Mvua ikimzuia akalala kule usiku usiokuwa wa kule, usiku huo nitaudai mpaka nilipwe. Mavyaa alinipa jina, akaniita Kadhi. "Kadhi wetu ameamka?" atauliza asubuhi, na nisipojibu atajua kuna jambo.

Kwa hiyo bwana alipomaliza kula na kunawa, nilikuwa nimeshapata neno la kusema.

"Na wangu?"

"Wako nini?"

"Wangu ataingia nasari gani?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali rahisi. "Si ile ya hapa mtaani? Iko karibu, mwalimu ni mzuri. Akilia utamsikia uko jikoni."

"Kwa nini wangu alie karibu, na wa mwenzangu acheke mbali?"

Akavuta pumzi. Alinijua. "Nenda ukaione kwanza," alisema. "Nenda uzione zote mbili, kisha tuzungumze."

Ya mtaani nilienda kesho yake, na naapa nilikwenda kuiona mbaya. Ni vyumba viwili kando ya msikiti, bati juu, ukuta umepakwa chokaa. Watoto wamekaa mkekani, wanahesabu vifuniko vya soda. Nje kuna sufuria ya uji juu ya mafiga, na mtungi wa plastiki wenye kopo la kunawia. Mwalimu ni mama wa makamo, kajifunga mtandio, mtoto mmoja kamlalia pajani huku yeye anaendelea kuwaimbisha wengine. Alinikaribisha vizuri, akaniuliza binti yangu anapenda kucheza nini, anaogopa nini. Nikamjibu haogopi kitu. Nikatazama ule mkeka umechanika pembeni, nikawaza ile tai. Nikasema moyoni: hapana, haiwezekani.

Ya Ukunda nilikwenda na binti yangu. Nilivaa buibui langu jipya, nikamvisha gauni lake la Idi, nikampaka na wanja. Shule yenyewe iko kwenye barabara ya kuteremkia Diani, na ni kweli, lango ni la rangi ya machungwa, na ndani ndiko kulikonimaliza kabisa. Viti vidogo. Meza ndogo. Vyoo vidogo, nilidhani ni mchezo, vyoo vya kimo cha mtoto! Na mabomba ya maji yamepangwa ukutani chini, kiasi cha mtoto kunawa mwenyewe bila kubebwa. Binti yangu aliweka mikono chini ya bomba, maji yakatoka, akacheka. Akafunga, akafungua. Akafunga, akafungua. Nilimvuta kwa nguvu ili tuondoke.

Mwalimu mkuu alikuwa mama wa bara, kavaa suti. Aliniamkia kwa Kizungu, aliponiona kimya akageuza. "Karibu sana mami. Umekuja kucheki shule? Tuko na nafasi kidogo tu zimebaki, na hizo huwa zinaenda mbio." Nikamwambia nina mtoto wa kaka yake yuko hapa, nikajikanyaga, nikasema, hapana, ni ndugu yake, baba mmoja. Akataja jina la mwana wa mwenzangu kwa furaha. "Oh, huyo! Huyo ni mtoto mwerevu sana! Na mamake ni mtu wa heshima!"

Mamake ni mtu wa heshima. Nilirudi na maneno hayo mpaka Msambweni, yananikereketa njia nzima. Wangu naye ni mwerevu, na mimi nani kakwambia sina heshima?

Basi siku ya zamu yangu nikamwekea bwana wali wa nazi na kamba wa kukaanga, nikangoja ashibe, nikamwambia nimeziona zote mbili, na nimechagua. Nataka ile ile. Sitaki inayofanana nayo, nataka ile ile, lango lile lile, tai ile ile. Haki yangu.

Akasema polepole, "Sikukatalii. Ni haki yako na ni haki yake mtoto. Lakini basi la shule halifiki Msambweni. Linaishia Ukunda."

"Basi atalala wapi?"

"Kwa mwenzio. Jumapili jioni ataenda nami, Ijumaa atarudi."

Lahaula! Mavyaa alikuwa kibarazani akichambua mchicha, akaangua kicheko mpaka mchicha ukamwanguka. "Kadhi!" aliniita. "Ulitaka haki? Haki ndiyo hiyo, ina pande mbili!"

Ingekuwa mtu mwenye akili zake, angesema palepale: bwana, nimeghairi. Lakini mimi nilikuwa nimeshasema kwa majirani, nimeshamwambia muuza nyanya, nimeshaitaja ile tai kwa kila aliyekuja kununua mahamri kwangu asubuhi. Na zaidi ya hayo niliwaza: nikikataa, mwenzangu atajua nimekataa kwa nini. Atacheka. Afadhali nimeze mwiba kuliko acheke. "Haya," nikasema. "Na aende."

Nilifunga begi lake mwenyewe. Niliagiza mambo mengi, mengi mpaka bwana akaniomba nipumzike: asinyweshwe maji ya baridi, asilishwe pilipili, nywele zake zisivutwe, asiachwe alale bila kusomewa dua. Binti yangu alipanda pikipiki mbele ya babake, kanipungia mkono, hakulia hata tone. Nililia mimi.

Ijumaa ya kwanza alirudi kasukwa. Si kusukwa kwangu mimi, mistari minne nikafunga. Kasukwa vitu vya ajabu, mistari imepinda imezunguka kichwa, shanga nyeupe na nyekundu kwenye ncha, anatikisa kichwa zinalia. Majirani wote walitoka kutazama. "Nani kakupamba hivi?" wakamuuliza. "Mama," akajibu.

Najua, najua. Mke wa baba ni mama, ndivyo tunavyowafunza watoto, na ningemsikia akimwita kwa jina lake ningempiga kofi. Ni adabu. Lakini adabu nayo inauma. Nilimwita ndani, nikamketisha baina ya magoti yangu, nikazifumua zote, moja baada ya moja, na shanga nikazitia ndani ya kopo. Alilia. "Mama kanisuka vizuri! Mama kanisuka vizuri!" Nikamwambia anyamaze, kichwa kinahitaji kupumzika. Mavyaa alichungulia mlangoni, akatutazama, akaondoka bila kuniita Kadhi.

Kila Ijumaa akaja na jambo jipya. Anataka yai lake likaangwe na kitunguu, kama kwa Mama. Muhogo wa nazi hautaki tena, anautazama tu. Anaimba nyimbo za Kizungu za vidole na za bata, na mimi sielewi hata neno, najitia kucheka. Ngozi yake inanukia mafuta mengine. Na kila sentensi imo "sisi": sisi tumekula, sisi tumelala, sisi tumemfukuza paka. Sisi huyo hakuwa mimi. Alikuwa yeye na ndugu yake na mama yao wa kule.

Na niseme jambo la haki, maana mimi ndiye Kadhi: mtoto alikuwa anajifunza. Alinawa mwenyewe. Alitaja rangi zote. Siku moja alinishika kidole akanihesabia vidole vyangu kwa Kizungu, hakukosea. Nikajivuna kwa muuza nyanya, kisha nikarudi ndani nikajilalia nimeukabili ukuta. Nilikuwa nimeipata ile shule, na sikuwa na mtoto.

Jumatano moja nikashindwa. Nikamwambia mavyaa naenda Ukunda kununua unga wa mahamri kwa jumla, huko ni nafuu. "Unga," alisema. "Haya, nenda kanunue unga."

Basi la shule huwashusha watoto karibu na soko, mchana. Nikasimama nyuma ya kibanda cha mitumba, nikajitia kuchagua nguo, mwenye kibanda ananiuliza natafuta saizi gani, simsikii. Nikamwona mwenzangu kaja na leso yake mabegani, kasimama pembeni, hana haraka. Basi likafika. Mwana wake akaruka chini, akamshika mama yake gauni. Kisha yule mama msimamizi wa basi akamteremsha binti yangu mikononi, kalegea kwa usingizi. Mwenzangu akampokea. Na mwanangu, hata macho hajafungua, akamwegemezea kichwa begani na mkono wake ukapanda wenyewe mpaka kwenye sikio la mwenzangu, ukalishika.

Lazima nieleze. Binti yangu tangu mchanga halali mpaka ashike sikio langu, pale kwenye nyama laini ya chini, alifinyefinye kwa vidole viwili. Ni langu hilo. Mavyaa alijaribu kumpa lake akalikataa. Babake akajaribu, akalia. Nilidhani katika dunia nzima kuna kitu kimoja ambacho hakigawanyiki kwa mbili, na ndicho hicho. Kumbe!

Nikatoka nyuma ya kibanda. Mwenzangu aliponiona hakushtuka, au alishtuka akaficha.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba." Ilitoka kwa taabu. "Ana nini huyu?"

"Karibu ndani kwanza, jua kali." Akanitangulia hadi saluni yake, hatua chache tu kutoka pale, nami nikamfuata kwa hasira. Ndani kulikuwa na mwanamke nusu ya kichwa kimesukwa, nusu kimesimama, na wengine wawili wanaongoja. "Amechoka," mwenzangu alisema. "Juzi alipata homa kidogo, ikashuka. Nilikuwa naye macho mpaka asubuhi. Sikutaka kukutia hofu, na wewe uko mbali."

"Mwanangu ana homa, nami sijui?"

"Nilimwambia baba yao."

"Baba yao ndiye aliyembeba tumboni?"

Yule wa nusu kichwa aligeuka na kiti chake chote asipitwe na kitu. Nilitaka mwenzangu apandishe sauti, wallahi nilimwomba Mungu apandishe, ili nami nipate njia. Hakupandisha. Alimwambia mwanawe akacheze nje, kisha akasema kwa ile sauti yake ya chini:

"Dada, nikwambie kweli? Wangu siku hizi hanisemeshi mpaka wako awe amelala. Kila usiku wanagombea kifua changu, na wako ndiye anayeshinda, kwa kuwa ni mgeni na mimi naogopa kusemwa. Naogopa kusemwa na wewe. Wangu analala miguuni pangu. Unadhani mimi sioni uchungu? Nilikuwa na mtoto mmoja, nikamtosha. Wewe ndiye uliyeniletea wa pili."

Mungu anisamehe, nilifurahi. Kusikia naye anaungua kama mimi, moyo wangu ulipata ubaridi kama mtu aliyepewa maji ya mtungi. Lakini haikudumu. Mwanangu alizinduka kwa sauti zetu, akageuza uso, akaniona. Akatabasamu. Mkono mmoja akaunyoosha kwangu nimpokee. Wa pili haukuliachia lile sikio.

Nikauachisha mimi, kidole kimoja kimoja.

"Namchukua," nikasema.

"Na shule kesho?"

"Shule ataisoma kwetu."

Aliingia nyuma akaniletea begi lake, nguo zote zimepigwa pasi na kukunjwa. Alinisindikiza mpaka kituoni, na mwanawe akilia njia nzima akimwita dadake. Unga sikununua.

Nilidhani hapo nimemaliza. Kumbe bado mume. Alipokuja na kumkuta mtoto mkekani siku isiyokuwa ya Ijumaa, alikuwa ameshapata habari, na hakufurahi. "Umenitia shingoni kitanzi," alisema. "Mmoja anasoma kule Kizungu, mmoja anahesabu vifuniko vya soda. Watu watasema napendelea. Na huko mbele kwa Mola nitasema nini? Si wewe uliyenifunza kupima sukari?"

"Nimesamehe," nikasema.

"Umesamehe nini?"

"Haki yangu ya nasari. Nimeisamehe."

Hakuniamini. Wala simlaumu, neno hilo hakuwahi kulisikia kinywani mwangu tangu anioe. Akamwita mamake. Akampigia simu kakake, naye akaja na kanzu yake, akaketi kwenye kiti kizuri. Mume wangu alitaka niseme mbele yao, kwa hiari yangu, bila kushurutishwa, ili siku ya kuulizwa wawe mashahidi. Tuliketi sebuleni wote, kama vile watu wa kuozesha.

"Sema," shemeji yangu aliniambia.

Nilifungua kinywa, na hapo ndipo nilipojua bei yake. Nilimwona mwana wa mwenzangu mtu mzima, ofisini, tai shingoni, Kizungu kinamtiririka. Nikamwona wangu anamwandalia chai. Nikaona vile viti vidogo na yale mabomba, na mikono yake chini ya maji. Nilitaka kusema, nirudishieni, nimeghairi, na aende. Na nikaona lile sikio.

"Mwana wa mwenzangu na asome Ukunda," nikasema. "Wangu atasoma hapa. Nimesamehe kwa hiari yangu, wala sitadai, duniani wala akhera."

"Subhanallah," mavyaa alisema. "Leo jua litachomoza magharibi." Lakini alinishika goti chini ya leso, akalibana, akakaa hivyo mpaka shemeji alipomaliza dua.

Kwetu mtoto akiingizwa chuoni kusoma Kurani haendi mikono mitupu. Mama huchukua kitu kitamu, watoto wenziwe wagawiwe, wamkaribishe, wamwombee afungukiwe moyo. Siku hizi hata nasari tunafanya hivyo, na mwalimu wa mtaani huipenda mila hiyo. Asubuhi ya kwanza nilikwenda na sinia la halua. Niliinunua mimi mwenyewe, sikumwomba bwana, nisije nikaambiwa na kule ipelekwe. Mwalimu aliwakalisha watoto mviringo, wakasoma Alhamdu kwa zile sauti zao, kisha akampa binti yangu kisu cha plastiki akamwambia yeye mwenyewe ndiye atakayewakatia wenziwe, akimwongoza mkono. Nilipoondoka hakuniangalia. Alikuwa katoa ulimi nje kwa kazi.

Njiani nikakutana na muuza nyanya. "Ile tai imekwenda wapi?" akaniuliza. Nikamwambia nyanya zake zimeoza.

Adhuhuri nikaenda kumchukua. Alitoka mbio, gauni vumbi tupu, mikono yote miwili imefumbwa. Tulipofika kwenye kona ya msikiti akasimama, akaifumbua. Vipande viwili vya halua, vimeshika mchanga, vimeyeyuka pembe.

"Nimeviweka," alisema. "Sikula. Hiki chako."

Nikakipokea. "Na hicho?"

"Cha Mama."

Nilijua. Bado nikamuuliza, maana nataka niambiwe kila kitu mpaka mwisho: "Mama yupi?"

"Mama wa Ukunda. Baba atampelekea." Akaniwekea na hicho mkononi, nikishike, maana kilikuwa kinamnata.

Nikavitazama. Sina haja ya kuficha: nilikuwa natafuta kipi kikubwa. Nilisimama pale juani, kimoja mkono huu, kimoja mkono huu, nikavipima kwa uzito, nikavipima kwa macho, nikavisogeza pamoja ubavu kwa ubavu, nikitafuta hata ukucha mmoja wa kulalamikia. Vilikuwa sawa. Mtu mzima na mizani asingeweza kugawa vile. Machozi yakaanza kunitoka, nikajaribu kuyafuta kwa kiwiko kwa kuwa mikono yote ilikuwa na halua.

Mwanangu akanitazama, uso umemkunjika kwa huruma.

"Mama," akaniuliza, "hakikutoshi?"